Kulungu wa Bu Rashid

Wanangu, kila mkinikuta hapa nje ya duka la Mangi mnaniuliza habari za Doha, na kila mara mnaanza na maghorofa. Maghorofa niliyaona, na mengi niliyapita kila siku mpaka nikaacha kuyatazama. Lakini kazi iliyonipa jina kule haikuwa ya kutazama maghorofa. Mimi nilikuwa mwindaji wa kulungu. Cheka, Idi. Cheka umalize, nitakungoja.

Nilianza nikiwa na miaka arobaini na moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawasikia mnavyozungumza hapa barazani. Mtu hajafika hata thelathini anasema muda wake wa kujifunza umepita, kazi ni ileile aliyonayo, basi. Mimi wakati huo nilikuwa na kitambi, na goti la kushoto lilikuwa linalia nikipanda ngazi. Maisha yangu yote sikuwahi kumfukuza mnyama mkubwa kuliko paka wa jirani.

Nilikwenda Doha kama dereva wa nyumbani. Tajiri wangu tulimwita Bu Rashid, maana yake baba yake Rashid, ndivyo watu wazima wanavyoitwa kule. Familia ilikuwa mtaa wa Al Sadd, na mimi nilikaa Al Mansoura, chumba kimoja na Watanzania wenzangu. Asubuhi nawapeleka watoto shule, mchana nawarudisha, jioni mama mwenye nyumba anataka madukani. Kazi ya heshima, sina neno nayo.

Bu Rashid alikuwa na shamba nje ya mji, ukishapita Al Wukair. Wao wanaliita mazraa. Wenzake walifuga ngamia na mbuzi, yeye alifuga kulungu. Nawaita kulungu kwa kuwa sina jina jingine la kuwapa, maana si kama hawa wetu wa porini. Wale asili yao nchi za baridi. Wana madoa meupe mgongoni, na madume yana pembe pana kama viganja vilivyofunguliwa. Pembe zile huanguka kila mwaka na kuota upya. Mara ya kwanza nilipoiokota moja chini nilidhani mnyama amekufa, nikamtafuta shamba zima. Nikamkuta anakula majani, kichwa kitupu, ananiangalia kama mtu aliyekutwa bila kofia.

Wakawa wengi. Kila mwaka wanazaa, na madume yakizidi yanauana. Ikabidi wengine wakamatwe wapelekwe mashamba ya marafiki, na yule mtunzaji aliyekuwapo alikuwa ameshakwenda kwao moja kwa moja. Siku moja niko nafuta gari, Bu Rashid akaja.

"Shaabani, wewe Tanzania," akasema. "Kwenu simba, kwenu tembo. Wewe utanishikia kulungu."

"Bu Rashid, mimi nimezaliwa Magomeni. Simba nimemwona kwenye noti."

Alicheka sana. Akadhani najishusha. Nikamwambia tena, sijui kitu, wallahi, akacheka zaidi, akanipiga bega. Jumamosi iliyofuata nikawa mazraa.

Enzi hizo walikuwa wanawakamata kwa gari. Pikapu mbili zinamfukuza mnyama mpaka kwenye wavu, watu wanamrukia. Niliendesha moja ya pikapu hizo mara moja tu. Tuliwakamata watatu, na kabla ya Alasiri wawili walikuwa wamekufa. Hawakuwa na jeraha. Nilimuuliza mtu aliyekuwa anatoa wavu, kimewaua nini? Akasema, mbio. Niliwatazama pale chini, macho yakiwa wazi, nikasema moyoni kwamba kama kazi ndiyo hii, narudi kwenye usukani.

Ndipo akaletwa Chebet.

Chebet alikuwa Mkenya wa Baringo, msaidizi wa daktari wa mifugo, msichana wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa mfupi, mkavu, na sauti yake haikupanda hata akikasirika. Alikuja na sanduku la dawa lenye kufuli na bunduki ndefu ya kutumia gesi, ambayo haipigi risasi. Inapiga sindano. Sindano yenyewe ina kishungi chekundu nyuma ili uione ikishaingia. Mnyama akichomwa analewa, analala, unamhamisha, unamchoma dawa ya pili, anaamka. Vibali vya vitu vile alivishika Bu Rashid mwenyewe, na dawa hakuigusa mtu isipokuwa Chebet, kwa sababu tone lake likimwingia binadamu linaweza kumzimisha pumzi.

Najua mtakachosema. Sindano si kuwinda. Nami nawajibu, mwenye risasi anaweza kusimama mbali akapiga. Mwenye sindano lazima afike karibu, kama kutoka hapa nilipokaa hadi bomba lile la maji, na mnyama asijue. Kisha lazima achague nyama ya paja, si mbavu, si tumbo, si mguu mwembamba. Akikosea anaua alichokuja kukiokoa. Sasa niambieni ni nani kati ya hao anayepaswa kujifunza zaidi.

Siku ya kwanza Chebet alinitazama toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye yule mwindaji wa Tanzania?"

"Mimi ni dereva wa Tanzania."

"Afadhali," akasema. "Wanaojua ndio wananisumbuanga." Kisha akanusa. "Umeoga na nini, mzee? Unanuka harusi."

Nilikuwa nimejipaka udi. Pale Doha kila mtu ananukia, na nguo zangu zilikuwa zinafushwa pamoja na za watoto wa nyumbani, kwa hisani ya mama mwenye nyumba. Nilikuwa najiona mtanashati. Chebet akanipeleka upande ambao upepo unatoka nyuma yetu kuelekea kwa kulungu, akaniambia nisimame tu, nisifanye chochote. Kundi lilikuwa mbali, vidoa tu. Hata sijamaliza kukunja mikono, vichwa vyote vikainuka, na wote wakaondoka.

"Wamekunusa," akasema. "Rudi nyumbani, ukafue."

Tangu hapo nguo za kazi nilizifua kwa maji matupu, nikazianika mazraa, nikazilaza kwenye majani makavu ya jati, yale wanayokula wanyama. Wenzangu wa Al Mansoura wakawa wananiambia niache mfuko wangu nje ya mlango. Sawa. Ukitaka kujifunza kitu ukubwani, ujue kuna watu watakuziba pua.

Somo la pili lilikuwa upepo, na somo hili lilinipeleka duka la vifaa vya watoto kununua poda. Unaweka poda kidogo kwenye kichupa chenye tundu, unakiminya, unaangalia ule moshi mweupe unaelekea wapi. Muuza duka, Mhindi mmoja mpole, akanipongeza kwa mtoto mchanga. Mwezi uliofuata nikarudi kununua nyingine, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri. Ningeanzia wapi kumweleza?

Halafu kutembea. Nyie mnadhani mnajua kutembea. Mimi nilikuwa nimetembea miaka arobaini, na Chebet akanifundisha upya kama mtoto. Unatanguliza ukingo wa nje wa unyayo, unausikiliza mchanga, ndipo unatia uzito. Ukivunja kijiti, simama. Usigeuze kichwa haraka. Mnyama akiinua kichwa, wewe ni gogo, hata nzi akiwa mdomoni. Akishusha, wewe ni mtu tena. Funguo zote toa mfukoni. Simu zima. Hili la simu nilijifunza baada ya kutambaa asubuhi nzima kwa tumbo, niko karibu kabisa, na mke wangu akapiga kutoka Dar kuniuliza kama niliwahi kuona cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa dada yake. Kundi lilikimbia mpaka mwisho wa uzio. Mke wangu akauliza, mbona unahema hivyo, uko na nani?

Kulenga kulichukua miezi. Tulitundika gunia la makapi kwenye mti wa mkunazi, na mimi nikawa napiga sindano tupu. Ya kwanza ilipita juu ya gunia, ikatua kwenye tangi la maji la plastiki, ikabaki imening'inia kwa kishungi chake chekundu. Mtunza bustani alikuja mbio kuziba. Chebet hakucheka wala hakunikaripia.

"Ulifunga jicho kabla ya kufyatua," akasema. "Uliogopa mlio. Sasa piga tena ukitazama kile kishungi mpaka kifike. Usitazame bunduki. Bunduki haiendi mahali."

Mpaka leo hii naamini hayo ndiyo maelezo bora niliyowahi kupewa na mwalimu yeyote.

Siku aliponiruhusu kumpiga mnyama wa kweli, nilimpata jike mmoja tuliyekuwa tunataka kumhamisha. Nilikwenda kwa tumbo pembeni mwa mfereji, poda inarudi usoni kwangu, yaani upepo ni mzuri. Nikapiga. Nikaona kishungi kimekaa pajani. Akaruka, akakimbia, na mimi nikainuka nimfuate.

"Kaa!" Chebet akanong'ona kwa ukali. "Ukimkimbiza, dawa haishiki. Damu inachemka, anaenda, anaenda, anakufa huko. Kaa chini umtazame tu."

Hapo ndipo penye ugumu wote, wanangu. Kukaa. Umeshafanya, umeona kimeingia, mwili mzima unakwambia kimbia, na kazi inakwambia tulia. Nilikaa. Jike akapunguza mwendo, akayumba, akapiga magoti, akalala. Tulimwendea taratibu, tukamfunga kitambaa machoni, tukamkalisha kwa kifua ili tumbo lisimjae hewa, pua ikiwa chini mate yatoke. Niliweka kiganja mbavuni pake, moyo ukawa unanipiga mkononi. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na sikuwa na habari kwamba kuna kitu kipya chenye kuweza kunifurahisha namna ile.

Miaka ikaenda. Nikawa nakwenda peke yangu, Chebet anabaki nyuma na sanduku lake. Mashamba mengine yakaanza kutuazima. Baadaye sana walileta vijindege vya kamera vya kutafutia wanyama kutoka juu. Ni vizuri, sivipingi, vinakuonyesha mnyama yuko wapi. Kumfikia ni juu yako bado.

Sasa niwape kisa cha Mudir.

Mudir ni meneja kwa Kiarabu. Tulimpa jina hilo dume kubwa kupita yote, kwa sababu kila asubuhi alizunguka shamba lote akikagua kila mtu, nasi tukiwemo. Mwezi wa kumi ndio msimu wao wa kutafuta majike, na madume yanakuwa kama wendawazimu. Shingo zinavimba, hawali, wanakoroma mchana kutwa. Asubuhi moja Mudir na mwenzake walipigana, wakaangukia uzio mahali nguzo ilipokuwa imeoza kwa kutu. Uzio ukalala. Nilipofika mwenzake yuko ndani bado, na nyayo za Mudir zinatoka nje, kwato mbili mbili zimechimba mchangani, zinaelekea Al Wukair.

Miaka ile Al Wukair ilikuwa inajengwa kwa kasi. Ukipita wiki hii ni jangwa, wiki ijayo ni ukuta. Na kati ya shamba na zile nyumba kulikuwa na barabara ya malori ya mchanga na mabasi ya shule.

Nilimpigia Bu Rashid. Alifika upesi, gari likiwa na vumbi hadi kwenye vioo, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na bunduki yake ya risasi. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa na hofu. Mnyama wa uzito ule, na pembe zile, akivuka barabara mbele ya basi la watoto, nani atamjibu mzazi?

Tulifuata nyayo, yeye garini mwake, mimi na Chebet kwenye pikapu ya shamba. Mwenyezi Mungu alitusaidia, barabara alikuwa ameshaivuka salama. Tukamkuta kwenye eneo la ujenzi, kati ya nyumba mbili ambazo hazijaezekwa. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka. Mafundi na vibarua walikuwa wameacha kazi, wamepanga mstari nyuma yake, wengine juu ya jukwaa la mabomba, simu mikononi wanampiga picha.

Chebet akajaza sindano, akanipa bunduki. Nikapiga goti. Kwa umbali ule nisingekosa gunia hata mara moja. Paja lilikuwa mbele yangu kama mlango. Lakini nyuma ya paja niliona suruali ya bluu. Mtu. Na pembeni yake mwingine. Kulungu akitikisika tu wakati ninafyatua, sindano inapita, inamwingia binadamu dawa ya kulaza mnyama mzima.

"Piga!" Bu Rashid akasema nyuma yangu. "Yalla, Shaabani, piga!"

Nikashusha bunduki.

Mudir akaruka. Vibarua wakatawanyika wakipiga kelele, naye akapita katikati yao, akaingia kiwanja cha pili chenye kuta pande tatu. Ashukuriwe Mungu hakumgusa mtu. Bu Rashid alinigeukia, uso umebadilika rangi.

"Alikuwa mbele yako!"

"Na watu walikuwa nyuma yake."

"Ungepiga, khalas, tungemaliza!" Akaenda garini, akarudi na bunduki yake. "Sasa mimi."

Nilisimama. Sikusimama mbele yake, maana yeye ni tajiri na mimi ni dereva wake, lakini nilisimama mahali ambapo angeniona. "Bu Rashid, zile kuta ni tofali tupu, hazijapigwa plasta. Risasi itatoboa, na nyuma yake watu wamekimbilia hukohuko. Nipe nafasi moja."

Alinitazama. Akamtazama Chebet.

"Moja," akasema. "Ukishindwa, kesho unarudi kwenye usukani, na huyu binti anarudi kwao. Na kundi lote nampa mchinjaji wiki hii. Nimechoka."

Chebet alikuwa anakagua sindano. Aliikagua mara tatu. Alikuwa anasomesha wadogo zake kwa kazi ile.

Nikaenda kwa msimamizi wa ujenzi, nikamwomba azime mashine ya zege na awakalishe watu wake kivulini, upande ambao hakuna wa kupigwa na kitu. Alikubali, nadhani kwa ajili ya ile bunduki ya Bu Rashid kuliko kwa ajili yangu. Kelele zikafa. Mmoja tu alibaki amesimama, kijana wa Kinepali aliyeitwa Purna, mwenye mpira wa maji. Kazi yake ilikuwa kumwagilia zege lililomwagwa jana yake. Wanalifunika kwa magunia, wanayalowesha mchana kutwa, zege lisipasuke kwa joto.

Nikaminya kichupa changu cha poda. Upepo ulikuwa unatoka upande wa magunia yale kwenda kwa Mudir, na kila ulipovuma pua yake iligeuka. Amepigana, amekimbia, hajanywa tangu alfajiri. Nilimwonyesha Purna kwa mikono, maji yatiririke pale, kwenye kile kishimo karibu na ukuta mnene wa tangi la maji lililokuwa linajengwa pale, halafu wewe ukae. Hakuuliza mara mbili. Alilaza mdomo wa mpira juu ya kipande cha tofali, maji yakateremka bila sauti, naye akarudi kinyumenyume akachuchumaa.

Nikalala nyuma ya rundo la matofali, upande ambao upepo haukumpelekea harufu yangu. Saruji inanichoma viwiko. Goti langu la kushoto lilikuwa linaongea lugha zote. Tulingoja. Nilimsikia Bu Rashid akipumua, nikasikia adhana ya Adhuhuri kutoka msikiti wa mbali, nikasikia nzi. Mara mbili Mudir alikuja, mara mbili akaghairi. Mikono haikunitetemeka. Siwaambii hivi kwa kujisifu. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka, nilijua ninachokifanya, na unapojua, hofu inakaa pembeni inakutazama tu.

Mara ya tatu akashusha kichwa, akanywa. Ubavu wote kwangu. Nyuma yake ukuta wa tangi, zege tupu, hakuna mtu. Nikatazama mahali ninapotaka kishungi kikae, nikafyatua. Kikakaa.

Akaruka, akazunguka uwanja, akasimama akitazama huku na huku. Bu Rashid akaanza kuinuka.

"Mzee, kaa," Chebet akamwambia, kiganja juu.

Kusema kweli nilifikiri ndiyo mwisho wa mkataba wake. Lakini Bu Rashid alikaa. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi la saruji, na kanzu yake nyeupe.

Mudir akayumba. Akapiga magoti. Akalala.

Nilipomgusa nilirudisha mkono, alikuwa wa moto kama pasi. Nikamfunga macho, tukamkalisha kwa kifua. Chebet akapima joto, akaangalia kipimo, akapima tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona ameingiwa na woga.

"Atakufa hapa," akasema. "Maji. Maji mengi, saa hii!"

Purna alikuwa ameshaelewa. Aling'oa magunia mabichi juu ya zege, akayatupa mgongoni mwa Mudir, shingoni, kati ya mapaja. Msimamizi akapiga kelele juu ya zege lake, halafu na yeye mwenyewe akachukua ndoo. Wenzake Purna wakaja na gunia moja moja. Bu Rashid alikuwa ameshika mpira wa maji, na mikono ya kanzu ameikunja. Hakuna aliyekuwa anampa mwenzake amri.

Baada ya muda Chebet akapima tena. Akashusha pumzi. "Inashuka," akasema.

Tulimbeba juu ya ubao wa plaiwudi wa kumwagia zege, watu wanane. Tulipokuwa tunampakia kwenye pikapu, Purna akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kazini, chepesi kama changu, "Mtamla?"

"Hapana. Anarudi nyumbani."

Akawatafsiria wenzake, kisha akanigeukia akicheka. "Mimi mwaka wa nne sijaenda nyumbani. Huyu katoka asubuhi, mchana karudishwa na gari." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kisha tukashika kona za ubao tukainua.

Shambani Chebet akamchoma dawa ya kuamsha. Tulimweka kwenye zizi dogo, peke yake. Akafungua jicho, akainuka kwa awamu, mbele kwanza, nyuma baadaye, akasimama miguu imeachana. Bu Rashid alitoa risasi kwenye bunduki yake, akazitia mfukoni. Hakuniomba radhi, na mimi sikuingoja. Alisema nguzo zote za uzio zibadilishwe. Habari ya mchinjaji hatukuisikia tena. Kisha akasema Ijumaa nipeleke kondoo na wali kule kwenye ujenzi, sinia za kutosha wote, na wakitaka kumwona mnyama wao niwalete.

Ijumaa nikapeleka. Tulikula pamoja sakafuni, kwenye nyumba isiyo na milango. Msimamizi akasema watatu wanaweza kwenda, ila wawe wamerudi kabla ya basi la kuwapeleka kambini wanakolala. Akaja Purna na wenzake wawili, wamevaa mashati yao ya safari, nywele zimechanwa kwa maji.

Walisimama kwenye uzio wa zizi. Mudir alikuwa zizini, ameanza kula, na kundi lilikuwa mbali kidogo kwenye majani ya jati. Walishika waya, wakatazama. Niliwasimulia hiki na kile, majike ni haya, yule amezaa mwaka huu, najua kila mmoja. Purna alikuwa anaitikia kwa kichwa, hanisikilizi. Kisha akaweka vidole viwili mdomoni, akatoa mlio mfupi, mwembamba, uliopanda mwishoni. Si mluzi. Sijui niuite nini. Akaniambia huko kwao milimani kuna kulungu msituni nyuma ya nyumba ya mama yake, na hivyo ndivyo walivyokuwa wakiwaita walipokuwa watoto.

Kundi zima liliinua vichwa. Mudir akaacha kula, akaja hatua kwa hatua mpaka kwenye uzio. Miaka yote ile niliwafuata wanyama wale kwa tumbo, kwa poda, kwa nguo zisizo na sabuni, na hakuna hata siku moja mmoja wao aliyenifuata mimi.

Purna akaita tena, taratibu zaidi. Wenzake walikuwa wamefumba macho.

Muda wa basi ulikuwa umefika, nikaenda nikawasha pikapu. Nikaizima, kambini ningewapeleka mwenyewe.